Kitone cha Kijani cha Kombewa

Watu wa timu yangu walilijua jambo hili kabla yangu: hakuna aliyenipenda. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikiongoza watu sita ambao sikuwahi kuketi nao chumba kimoja, na kila Ijumaa niliwahesabia nukta na mikato waliyoikosea wiki nzima.

Kampuni iliyotuajiri iko ng'ambo na inauza vigari vya kusukumia watoto. Mzazi akikinunua, kisha gurudumu likwame au kigari kikatae kukunjika, anafungua chati, yale mazungumzo ya kuandikiana, kwenye tovuti na kuandika kwa hasira. Anayemjibu ameketi Kisumu, au Awasi, au Kombewa, naye mwenyewe alilelewa mgongoni kwa leso. Hakuna kati yetu aliyewahi kukigusa kigari chenyewe. Lakini mimi ningeweza kukutajia vipande vyake vyote nikiwa nimefumba macho, kuanzia kifuniko cha jua hadi skrubu ya gurudumu la nyuma.

Sikusomea kazi hii popote. Baada ya kidato cha nne nilibaki nyumbani, nikajifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nilitazama masomo ya bure, nikanakili majibu ya kampuni mbalimbali kwenye daftari, nikayapanga: salamu, jina la mteja, nambari ya oda, pole, suluhisho, kuaga. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja. Hajui kosa lipi ni dogo. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia, hilo liache, halina neno. Kwa hiyo kwangu makosa yote yalikuwa na uzito mmoja, na usiku nililala nikiwa na hofu kwamba mtu fulani mahali fulani ameandika jina la mteja kwa herufi ndogo.

Nilipopewa uongozi, niliibadilisha hofu hiyo ikawa kanuni. Nilitengeneza karatasi ya alama. Nilitaka kamera iwashwe mikutanoni. Nilitaka kile kitone cha kijani, kinachoonyesha kwamba mtu yuko kwenye kompyuta yake, kisizimike kabla ya saa ya mapumziko. Na kwa sababu huku stima hupotea bila kuaga, niliweka sheria kwamba anayekatikiwa na umeme atume picha ya kile kidude cha kuingizia tokeni za malipo ya stima, kikiwa kimezima, ndani ya dakika tano. Dada mmoja wa timu aliishi Milimani kwa wazazi wake, kwenye boma kubwa lenye jenereta, na hakuwahi kutuma picha hata moja. Nilimtaja mara nyingi mbele ya wengine kama mfano mwema. Naye alichukia kutajwa kuliko wengine walivyochukia kutajiwa.

Mikutano ya Jumatatu ilikuwa ya baridi. Aliyesema sana alikuwa jamaa mmoja wa Awasi, mtu mzima kuliko mimi, aliyewahi kuuza dawa za mifugo.

"Bosi," alisema Jumatatu moja, "wiki hii nimeandika nukta zote. Zingine nimeweka za akiba, ukipungukiwa uchukue."

Wenzake walizima maikrofoni ili nisisikie kicheko, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimelazimisha kamera ziwashwe, kwa hiyo niliona mabega yakitikisika.

Mwanamke wa Kombewa hakucheka wala hakuonekana. Yeye pekee nilimruhusu kuzima kamera kwa sababu alisema mtandao wa kule haubebi picha na sauti pamoja. Aliwahi kufundisha chekechea. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, aliolewa huko huko Seme, eneo ambalo Kombewa ipo, na alikuwa hodari. Mapema mwaka ule alinipigia simu akasema kifundo cha mkono kinamuuma na kuvimba, na kwamba hospitalini wamemwambia apumzishe mkono. Nilimuuliza ni wa kulia au wa kushoto. Akasema wa kulia. Nikamtumia fomu. Hakuirudisha, nami nikaona basi, umepona.

Baada ya hapo alama zake zilipanda. Si kwenye karatasi yangu tu. Wateja wenyewe walianza kuandika baada ya chati: tafadhali nipeni tena yule mama. Kampuni ikamsifu kwa barua, na sifa ile ilinipitia mimi kwanza. Niliipeleka kwake nikiwa na furaha ya mtu aliyesifiwa.

Kisha nikaanza kuona kitu. Asubuhi, baada ya kila nukta, mwanamke yule aliacha nafasi mbili kabla ya sentensi inayofuata, kama walivyofundishwa watu wa zamani waliopitia taipu. Mchana aliacha nafasi moja. Mtu mwingine asingeona. Mimi niliona, nikarudi nyuma wiki sita nikisoma majibu yake yote. Asubuhi mbili, mchana moja, kila siku. Na majibu yaliyosifiwa yote yalikuwa ya nafasi moja.

Ningeweza kumpigia simu. Nataka hilo lijulikane, maana nimejaribu kulisimulia jambo hili bila kulitaja na nikashindwa. Nambari yake nilikuwa nayo. Lakini mtu akipigiwa simu hupata muda wa kujipanga, na mimi nilitaka kufika kabla hajajipanga. Alhamisi moja, saa tano asubuhi, niliweka kitone changu kionyeshe kwamba niko mkutanoni, nikafunga mlango wa chumba changu cha Migosi, mjini Kisumu, nikaenda kupanda gari la kwenda Bondo ili nishuke Kombewa. Kwa mujibu wa sheria zangu mwenyewe, nilikuwa nimetoroka kazi.

Kwenye faili yake palikuwa na maelezo ya mahali pa kupeleka modemu: nyuma ya kanisa, lango la bluu. Nilimwonyesha mtu wa boda pale karibu na hospitali.

"Ah, kwa wale wamama wa kompyuta," akasema. "Panda."

Wamama, si mama. Nilipanda nikiwa nimeshakipata nilichokuja kukitafuta, na bado tulikuwa hatujapita soko.

Boma lilikuwa na nyumba tatu za mabati na mawe makubwa ya Seme yaliyokaa nyuma yake. Mama mzee alikuwa chini, kwenye gunia, akichambua omena, wale dagaa wa ziwani. Alinitazama kuanzia viatuni.

"Umetoka kanisa ama serikali?"

"Nimetoka kazini, mama. Natafuta..." nikamtaja mkwe wake.

"Huyo ameenda hospitali na mkono yake. Lakini mwenzake yuko. Wewe ni nyar nani? Binti wa nani?"

Nikamwambia ukoo wetu na upande tunakotoka. Akaufikiria, akauona unamfaa, akainuka. "Mgeni amekuja siku ya kwanza," alimwambia mtu ambaye sikumwona, na kabla sijasema lolote nikasikia kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba.

Ndani, kwenye meza ya cherehani, laptopu ya kampuni ilikuwa wazi. Aliyeketi mbele yake, hedifoni kichwani, hakuwa mfanyakazi wangu. Lakini nilimjua. Ninawakumbuka niliowafelisha kuliko niliowapitisha. Miezi kama kumi kabla nilimhoji kwa video. Kwenye jaribio la kuandika alijibu vizuri, kisha akaongeza sentensi ambayo haikuwa kwenye mfano niliompa: alimuuliza mteja kama mtoto amelala. Nilimkata alama kwa sababu ya sentensi hiyo, nikamwambia aongeze bidii. Sikujua kuwa yeye na mwanamke wangu wa Kombewa wameolewa na ndugu wawili.

Alinijua mara moja. Uso wangu aliuona kila Jumatatu, kwa kuwa kumbe mikutanoni alikuwa yeye pia. Aliinua kidole kunizuia.

"Ngoja. Kuna mama hapa yuko kwa mvua na dereva wa basi anataka kumwacha."

Nikasimama nyuma yake nikasoma. Kigari kilikuwa kimekataa kukunjika, dereva hakubali kigari kilicho wazi, mama yule alikuwa anaandika kwa herufi kubwa tupu. Mwongozo wetu unasema tuanze na nambari ya oda. Yeye aliandika: mshike mtoto kwanza, kisha sukuma kile kitufe chekundu chini ya kiti kwa mguu, si kwa mkono. Jibu likakawia. Halafu likaja: kimekubali, tumepanda. Kisha maneno mengine, ya kushukuru, mengi.

Mwongozo unasema kitufe kile hubonyezwa kwa kidole gumba. Nilikuwa naujua mwongozo ule neno kwa neno, na sikujua kwamba mguu unaweza.

"Hukuomba nambari ya oda," nilisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake.

Alivua hedifoni. "Ningeomba, angepanda basi gani? La kesho?"

"Ni utaratibu."

"Najua. Uliniambia niongeze bidii. Nimeongeza."

Alirudi kwenye chati, nami nikaendelea kusoma nyuma yake mpaka mwenye akaunti, mfanyakazi wangu, aliporudi kutoka hospitali. Aliingia mkono wa kulia ukiwa umefungwa bendeji hadi karibu na kiwiko, akaniona, akasimama mlangoni. Hakukana kitu, hata kwa macho.

"Bosi. Umekuja."

"Nimekuja."

"Ungepiga simu ningekuja kukuchukua steji."

"Nilitaka kuona..."

"Unajua ulitaka kuona nini." Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaupakata mkono wake. "Sasa umeona. Asubuhi ni mimi. Ukianza kuuma, ni yeye. Hakuna mteja amewahi kungoja."

"Ungesema mkono bado unauma."

"Nilisema."

"Nilikutumia fomu."

"Fomu ilitaka ripoti, na ripoti inataka daktari, na daktari anasema wiki tatu. Na wewe mtu akikosa siku mbili unaandika jina lake kwa rangi nyekundu, watu wote waone. Wiki tatu ungeniandika na rangi gani?" Aliongea polepole, kama anavyoongea mwalimu wa chekechea. "Siku ile uliniuliza ni mkono wa kulia ama wa kushoto. Nikafikiria unanihurumia. Kumbe ulikuwa unajaza fomu."

Nikibanwa mimi hukimbilia sheria. Nikasema kwamba akaunti moja ni ya mtu mmoja. Nikasema wateja wanatuachia majina na anwani za nyumba zao, na aliyetia sahihi ya kuzitunza ni yeye, si shemeji yake. Nikasema kampuni ikigundua yenyewe itaifunga timu nzima, watu wote sita na mimi juu yao. Yote hayo yalikuwa kweli. Hata leo ni kweli. Lakini kilichokuwa kinaniwaka kifuani hakikuwa anwani za wateja. Mwandishi bora wa timu yangu alikuwa mtu niliyemfelisha mimi, kwa karatasi yangu, kwa ajili ya sentensi moja.

"Utasema?" aliuliza mwenye akaunti.

"Sijui."

"Hii kazi ndiyo inanifanya niitwe mtu hapa nyumbani," alisema. "Kabla yake nilikuwa mke wa fulani. Ukisema, sema ukijua hiyo."

Harufu ya kuku ilikuwa imeanza kuingia. Wasiokulia kwetu huenda wasielewe kilichonitisha. Ukila kwa mtu mchana, huwezi kusimama jioni ukamshtaki. Hakuna mahali pameandikwa, na hakuna mtoto wa pande hizi asiyejua. Tangu kuku yule alipokimbizwa nilikuwa nikipiga hesabu kichwani: nikila, nimekwisha kuamua. Nisipokula, bado niko huru. Ndivyo nilivyoliita, uhuru.

Mama mzee aliingia na birika la maji na beseni. Nyuma yake shemeji alibeba sinia la ugali na bakuli. Paja na firigisi vilikuwa vimewekwa juu, upande wangu.

"Nawa mikono, nyathina," mama mzee alisema. Mwanangu.

"Asante mama. Nimekula."

"Umekula wapi?"

"Kisumu."

"Asubuhi? Hiyo imeshafika mwisho wa safari. Nawa."

"Kweli mama, nimeshiba."

Hakuliweka beseni chini. Alisimama nalo mbele yangu, mgongo umeinama kidogo kwa uzito. Shemeji aliliweka sinia kando ya laptopu, na mwenzake hakulisogelea. Walikuwa wameelewa kabla yake.

"Kuku imeshakufa," alisema mama mzee. "Sasa tufanye nini, tuirudishie roho?"

"Nipeni maji tu."

"Maji hata polisi tunampatia." Akaligeuza beseni, akamwaga maji nje ya mlango kwa nguvu, akaondoka. Sauti yake niliisikia uani, kwa Dholuo, akimweleza mtu kwamba msichana aliyekuja ni wa kuogopwa, kwa kuwa amekuja na tumbo lililofungwa.

Shemeji aliniletea maji ya kunywa, nikanywa nusu glasi. Mwenye akaunti alinisindikiza hadi langoni, maana hata mtu kama mimi husindikizwa, na pale langoni hakunipa mkono. Ungekuwa mzima asingenipa pia.

Ripoti niliiandika steji ya Kombewa, nimesimama, kwa simu, nikingoja gari. Sikungoja nifike Migosi. Nilijijua. Ningefika, ningeketi, ningelifikiria lile bakuli, na ningeanza kuandika upya mpaka kesho yake. Niliandika sentensi saba. Nilizikagua mara mbili. Kwenye ya nne niliweka jina la shemeji, majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho chake, ambayo nilikuwa nayo bado kutokana na mahojiano. Hakuna aliyeniuliza jina hilo. Ningeweza kuandika "mtu wa familia" na ripoti ingetosha. Niliona tu kwamba ripoti isiyo na jina haijakamilika. Nikabonyeza kutuma. Nilisikia nafuu. Nilinunua ndizi mbili nikala zote, nina njaa kama mbwa.

Akaunti ya Kombewa ilifungwa kabla sijavuka Kisian, njiani kurudi Kisumu. Nilikiona kitone kikizimika kwenye simu yangu. Barua ya kampuni ilifika Ijumaa, ikinishukuru kwa umakini.

Jumatatu iliyofuata watu watano walikuja mkutanoni, kamera zote zikiwa zimewashwa. Walikuwa wamevaa vizuri. Jamaa wa Awasi alikuwa na tai.

Nilianza na hotuba niliyoiandaa, kuhusu usalama wa taarifa za wateja. Niliisoma hadi mwisho.

"Maswali?" niliuliza.

"Mimi niko na moja," alisema jamaa wa Awasi. "Bosi, hata mimi nafuga kuku. Ukipanga kuja Awasi, niambie mapema siku gani nisichinje." Nikajua habari za Kombewa zimeshawafikia.

"Kwetu kuna mbwa," dada wa Milimani alisema. Alikuwa hajawahi kunijibu vibaya. "Ukija, piga simu kwanza wafungwe. Ama wewe huwa hupigi."

"Nilifanya hivyo kwa ajili yenu," nilisema. "Kampuni ingetufunga wote."

"Asante," alisema jamaa wa Awasi. "Na alikutendea nini cha kukufanya usimpigie hata simu, useme, dada, rekebisha hii kabla ya Jumatatu?"

Nilisema muda umekwisha. Ulikuwa umebaki nusu saa, na saa ilikuwa kwenye skrini ya kila mtu.

Walinilipa kwa namna ambayo sikuweza kuilalamikia. Walianza kunitii. Kila mteja aliombwa nambari ya oda kwanza, hata aliyeandika kwamba mtoto amebanwa kidole. Kila jibu lilifuata mfano wangu, salamu hadi kuaga, bila neno la ziada. Jamaa wa Awasi alinitumia picha ya kidude chake cha tokeni kikiwa kinawaka, asubuhi na mchana, na maneno chini yake: "Stima iko. Nimeona niripoti." Kwenye karatasi yangu ya alama hapakuwa tena na kosa hata moja. Nilikuwa nimeitamani karatasi kama hiyo tangu siku niliyoichora, na nilipoipata sikuweza kuitazama zaidi ya dakika moja. Wateja nao wakaanza kulalamika. Wengine waliuliza, yule mama yuko wapi. Kampuni ikaniandikia, safari hii bila shukrani, ikitaka kujua timu yangu imepatwa na nini.

Hapo ndipo nilipojaribu kurekebisha, na nakiri nilijaribu kwa sababu nilikuwa nimebanwa. Niliiomba kampuni imrudishe mwanamke wa Kombewa baada ya mkono wake kupona. Wakakataa. Basi nikaomba shemeji yake aajiriwe, kwa jina lake mwenyewe, kwa mkataba wake mwenyewe. Nilieleza kwamba nilikosea kumfelisha. Niliandika aya mbili nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Jibu lilikuwa mstari mmoja: mtu huyo alitumia akaunti isiyo yake na jina lake limeingizwa kwenye orodha ya wasioweza kuajiriwa. Jina lake, majina yote matatu, jinsi nilivyoyaandika steji.

Nilimpigia simu mwanamke wa Kombewa siku hiyo hiyo, saa nane mchana. Sikutegemea apokee. Alipokea mlio wa pili ulipoanza.

"Mkono unaendeleaje?" niliuliza.

"Unapona. Siku hizi hauna cha kufanya."

Nikamweleza yote: nilivyoomba, nilivyokataliwa, aya mbili, orodha. Niliongea muda mrefu. Nyuma yake kulikuwa na watoto wakiimba herufi. Alikuwa amerudi kuwafundisha wa kanisani, bila mshahara, sijui kwa muda gani. Nilipomaliza niliwasikia watoto wakianza herufi upya.

"Nimejaribu," nikasema.

"Nimesikia."

"Nilitaka ujue nimejaribu. Na nisamehe."

"Shemeji yangu anajua jina lake liko kwa hiyo orodha?"

"Hapana. Nilidhani wewe ungemwambia taratibu."

"Mimi?" Sasa alikasirika, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na hasira ile ilimfanya aongee chini zaidi. "Wewe uliandika jina, mimi nitangaze? Sikiza, bosi. Unataka nikutue mzigo, na mimi mkono yangu haibebi kitu. Nambari yake nakupatia. Mpigie mwenyewe, umwambie na mdomo yako. Usitume fomu."

Akanitajia nambari, tarakimu moja moja, kama anavyowatajia watoto. Nikaiandika. Akaniambia nimrudie. Nikamrudia. Ilikuwa sahihi.

"Haya," akasema, akakata.

Kwenye skrini wateja kumi na mmoja walikuwa wanangoja, na hakuna aliyekuwa anawagusa. Nikawaacha wangoje. Nikaingiza ile nambari, nikaweka simu sikioni, nikasikia inaita.